Kazi ya sindano ndani ya ndege: wafumaji, wadarizi na watu wa krosheti, tupeane uzoefu

NyuziZaRangi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kila mmoja wetu anapopata safari ya ndege swali ni lile lile: kazi yangu ya mkono naruhusiwa kuingia nayo, au niiache nyumbani? Majibu yanayozagaa ni ya pande mbili. Wapo wanaosema "beba tu, hawana shida", na wapo wanaosema "usijaribu, utanyang'anywa". Kila upande unasema kweli kuhusu uwanja ulioupitia, lakini anayepita kwingine hapati msaada wowote, na ndiyo sababu nimeona tulizungumze kwa urefu.

Natanguliza msimamo wangu. Mimi hupanga mkoba nikichukulia kwamba kifaa chochote kinaweza kubaki mezani kwa mkaguzi, ila kazi yenyewe lazima ivuke. Sindano hununuliwa nyingine. Shali uliyoifuma kwa miezi haiuzwi popote.

Sheria kwanza. Orodha moja ya dunia nzima haipo. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) lina viwango vya usalama katika Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, lakini kipi hasa kiingie na kipi kibaki huamuliwa na kila nchi, na shirika la ndege nalo linaweza kukaza zaidi. Marekani, mamlaka ya ukaguzi (TSA) inaruhusu sindano za kufumia, kulabu za krosheti na sindano za kushonea katika mzigo wa mkononi. Kanada inaruhusu sindano za kufumia na kulabu, na orodha ya serikali ya Uingereza inaruhusu sindano za kufumia na za kushonea. Kwa hiyo anayesema sindano zimepigwa marufuku kila mahali hajasoma orodha. Anayesema ni ruhusa kila mahali naye hajapita viwanja vya kutosha, maana zipo nchi ambako mkaguzi akiona ncha ndefu ya chuma haulizi mara mbili.

Mkasi ndio mtihani wenyewe. Baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, Marekani ilizuia mikasi ya chuma yenye ncha kali, na midogo ikarudishwa Desemba 2005. Kipimo chao ni makali yasiyofika inchi 4, yaani kama sm 10, yakipimwa kuanzia kwenye kiungio, pale penye skrubu. Umoja wa Ulaya, Uingereza na Kanada kipimo chao ni sm 6. Sasa fikiria mtu anayeanzia Marekani na mkasi wenye makali ya sm 8, anabadili ndege Ulaya na kukaguliwa upya. Alipoanzia alikuwa halali kabisa, na njiani anaacha mkasi. Safari yako inatawaliwa na uwanja ulio mkali kuliko vyote utakavyopitia, ukiwemo ule wa kubadilishia ndege na ule wa kurudia. Huu wa kurudia ndio watu wengi wanausahau.

Kitu kingine kinachowaponza watu ni kile kikatio cha uzi cha duara, cha kuvaa shingoni kama kidani, chenye wembe uliofichwa ndani. Kinaonekana hakina madhara kuliko mkasi, na kumbe TSA wanakitaja waziwazi kwamba hakiingii na mzigo wa mkononi. Kisu cha gurudumu cha kukatia vitambaa nacho ni hivyo hivyo. Vyote hivi weka kwenye begi linalokwenda chini, na uvifunge vizuri, kwa sababu kuna mtu ataingiza mkono humo kukagua.

Na juu ya orodha zote, mkaguzi aliye mbele yako ndiye mwenye neno la mwisho. Hata TSA wenyewe wameandika hivyo.

Sasa namna ya kuivusha kazi. Anayefuma kwa sindano ana hatari kubwa kuliko wengine, maana vitanzi vyote viko hai juu ya sindano, na sindano ikivutwa nje vinafumuka. Dawa ni uzi wa akiba. Kabla ya kutoka nyumbani chukua uzi mwembamba, laini, wa rangi tofauti, uupitishe kwa sindano butu ndani ya kila kitanzi cha mstari ulipofikia, uache ncha ndefu pande zote mbili. Hata wakichukua sindano, vitanzi vinabaki vimeketi juu ya uzi huo, vinakungoja. Mimi hutumia uzi wa kusafishia meno ulio na nta. Unateleza vizuri, haunasi kwenye sufu, na kijichuma kidogo cha kwenye kikopo chake kinakata nyuzi bila kuhitaji mkasi.

Wenye sindano za mviringo za kufungua na kufunga, yaani ncha mbili zilizounganishwa kwa waya, mna raha zaidi. Zungusha ncha, zitoe, weka vizibo kwenye waya, kazi ikae kwenye waya peke yake. Unapita kwenye ukaguzi na waya wa plastiki wenye kitambaa, na ncha ziko kwenye mfuko mwingine. Wakizitaka, wape.

Karibuni mnikosoe na kuongeza.

---

KulabuNambaNne

Asante sana dada kwa uzi huu, nimeuhifadhi.

Naongeza upande wa krosheti, ambao kwa safari naona hauna mpinzani. Kitanzi kilicho hai ni kimoja tu. Kipitishie pini ya kufunga, au kivute kiwe kirefu na ukifunge fundo legevu, kazi haiendi popote. Kulabu ni moja, fupi, butu, na zipo za plastiki na za mianzi ambazo hazimshtui mtu yeyote. Ikidondoka, unatafuta kitu kimoja.

Kwa kukata, kikatio cha kucha kinatosha kabisa. Uzi wa pamba kinaukata safi, na sufu nene unaikata kwa mara mbili.

---

FundiMkongwe

Mimi nitatofautiana nanyi kidogo, kwa heshima. Kwa nini mtu ajipe wasiwasi wote huu? Kila kitu kiende kwenye begi la chini, mkasi, sindano, kazi, vyote. Ndani ya ndege pumzika, lala, soma. Ukifika unaendelea na kazi yako. Nimeona watu wakibishana na wakaguzi foleni nzima ikiwasubiri, kisa sindano.

---

NyuziZaRangi

Mzee wangu FundiMkongwe, shikamoo. Kuhusu kubishana na mkaguzi nakubaliana nawe asilimia mia. Haisaidii, na walio nyuma yako wana ndege zao za kuwahi. Vifaa pia nakubali, vingi vinafaa kwenda chini.

Lakini kazi yenyewe siwezi kuiweka chini. Begi likipotea, safari nyingi za kimataifa zinaangukia Mkataba wa Montreal wa 1999, na kikomo cha fidia ya mizigo tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Kiasi hicho ni kwa mizigo yako yote na kila kilichomo. Nguo zako, viatu vyako, na kitambaa ulichokidarizi mwaka mzima vyote vinagawana humo, na kitambaa watakithamini kama pamba na nyuzi. Saa zako za kazi hazimo kwenye hesabu yao. Begi likifika limeharibika, lazima ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Likicheleweshwa, siku 21 tangu ukabidhiwe. Nimeyataja haya kwa sababu wengi huondoka uwanjani kimya kisha hukumbuka mwezi unaofuata.

Kazi isiyo na mbadala ikae miguuni pako, au ibaki nyumbani.

---

FundiMkongwe

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye fidia umenifungua macho, kazi yenyewe nitaipandisha juu. Vifaa bado chini!

---

MamaPacha

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada. Nina safari ndefu mwezi ujao, daraja la kawaida, na nimepewa kiti cha katikati. Ninafuma sweta la mume wangu, nimefika kifuani, sindano ndefu zilizonyooka. Nibebe hilo? Au nianze kitu kipya? Sitaki kukaa saa zote hizo mikono mitupu.

---

SoksiJoziMbili

Dada MamaPacha, hilo sweta liache. Sababu si ukaguzi tu.

Kiti cha daraja la kawaida kina upana wa sm 43 hadi 46 hivi. Sindano ndefu iliyonyooka ina sm 30 au 35. Ukifuma, kiwiko kinatoka nje na ncha ya sindano inatembea kwenye eneo la jirani, na wewe una majirani wawili. Halafu sweta lililofika kifuani ni zito na linapasha joto mapaja. Kila ukigeuza mstari unalizungusha lote. Baada ya saa moja mabega yanauma na jirani amechoka na wewe.

Kwa safari, kazi nzuri nazipima hivi. Iwe ndogo kiasi cha kukaa kiganjani. Iwe rahisi kiasi kwamba ukisitishwa katikati ya mstari, kwa chakula au jirani anapotaka kupita, unajua ulipokuwa bila kuangalia karatasi. Na iwe ndefu ya kutosha isiishe kabla ya safari, maana kazi ikiisha angani huna pa kupata uzi mwingine.

Soksi zinatimiza yote matatu. Gramu 100 za uzi wa soksi ni kama mita 400 na zinatoa jozi nzima ya mtu mzima. Huo ni mpira mmoja tu wa uzi, hakuna kubadili rangi, hakuna mkasi mpaka mwisho kabisa. Fumia sindano ya mviringo yenye waya mrefu, ule mtindo wa kuvuta waya utokeze kitanzi kikubwa pembeni. Mikono inakaa kifuani pako, viwiko havitoki. Na zile sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili, wengi wanazipenda nyumbani, mimi ndani ya ndege siziungi mkono. Moja ikidondoka inaviringika hadi safu ya nyuma, na huwezi kuinama kuifuata wakati taa ya mkanda imewaka.

Kama soksi hujazizoea, usizianzie angani. Kisigino kinahitaji akili tulivu. Fuma skafu nyembamba ya mshono mmoja wa kawaida, au miraba ya blanketi utakayoiunganisha ukirudi. Mstari wa kwanza na mistari kadhaa ya mwanzo ifanyie nyumbani, uingie ndegeni kazi ikiwa imeshashika njia. Kuhesabu vitanzi mia vya kuanzia huku mtangazaji anaeleza milango ya dharura ni kujitafutia taabu.

Uzi nao usiuache huru. Uviringishe uwe unatokea katikati ya mpira, uuweke kwenye kifuko kidogo chenye kamba, ukitundike mkononi. Mpira ukianguka kwenye sakafu ya ndege unapita chini ya viti vya watu ambao hujawahi kuonana nao.

---

MamaPacha

Ubarikiwe dada. Sweta linabaki. Miraba ya blanketi nimeipenda. Sindano za mianzi au za chuma?

---

SoksiJoziMbili

Mianzi au mbao, kwa safari. Vitanzi haviponyoki ovyo ndege ikitikisika, hazigongani kelele jirani akiwa amelala, na kwenye mashine ya eksirei zinaonekana hafifu kuliko chuma. Chuma nakipenda kwa kasi, lakini nyumbani.

---

PatoLaHariri

Niwasemee wadarizi, maana naona wafumaji mmeteka uzi.

Kudarizi kunavuka ukaguzi kwa urahisi, sindano ni ndogo na haina kitanzi cha kuponyoka. Tatizo letu liko ndani ya ndege: mwanga na hewa.

Ile taa ya kusomea juu ya kichwa inatupa mwanga kutoka upande mmoja, na mkono wako mwenyewe unaweka kivuli pale unapotaka kutoboa. Kitambaa cheusi usikibebe kabisa. Kitani chenye nyuzi nyembamba kiache pia. Kitambaa cha kudarizia cha Aida cha 14, yaani miraba 14 kwa inchi, cha rangi nyeupe au ya maziwa, matundu yanaonekana bila kukodoa macho. Nguo nyeupe mapajani, chini ya kazi, huwa inapoteza matundu. Ukivaa suruali au kanga ya rangi nzito matundu yanajitokeza yenyewe.

Kuhusu hewa, ndani ya ndege ni kavu mno, unyevu mara nyingi hushuka chini ya asilimia 20. Ngozi ya vidole inakauka na kuwa na mikwaruzo midogo, na uzi wa hariri unanasa kila ukiupitisha. Beba mafuta ya mikono kwenye kichupa kisichozidi ml 100, upake, usubiri yazame kabisa, ndipo ushike kitambaa. Mimi hunawa, hupaka, kisha hukaa kidogo na mikono wazi kabla ya kufungua mfuko. Doa la mafuta kwenye Aida nyeupe halina huruma.

Kazi ya maandalizi ifanyike nyumbani yote. Fungu la kawaida la uzi wa kudarizi lina mita 8 na nyuzi sita ndani yake. Ligawe, kata vipande vya kama sm 45, vifunge kwenye kadi yenye matundu na namba ya rangi. Tunga sindano kadhaa mapema, kila moja na rangi yake. Ukifanya hivyo, ndani ya ndege hukati karibu chochote na hutungi sindano kwenye mtikisiko. Duara la kudarizia liwe dogo, sm 10 hadi 15.

Jambo la mwisho ambalo wengi hawalijui. Wanaochora mchoro kwa kalamu za FriXion, zile wino wake unafutika kwa pasi: wino ule hupotea ukifika nyuzi joto 60 hivi na unaweza kurudi ukipoa chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Begi likikaa nje kwenye baridi kali ya uwanja fulani, mistari uliyodhani umeifuta inaweza kujitokeza tena kwenye kazi iliyokamilika. Ukipiga pasi tena itaondoka, lakini kama ni zawadi inayofunguliwa papo hapo, heri ujue mapema. Kalamu ya wino unaotoka kwa maji ni salama zaidi.

---

AlikuwaAngani

Nimewahi kufanya kazi ya uhudumu ndani ya ndege, kwa hiyo nitasema yale ambayo abiria hamyaoni.

Sindano zenu hazitusumbui. Nilifurahi nilipoona mtu anafuma, maana abiria mwenye kazi mkononi ametulia. Kinachotuumiza ni sindano iliyopotea. Ndege ikitua, wasafishaji wanaingia na wana muda mfupi sana. Wanapitisha mikono kwenye mfuko wa kiti, chini ya mto, kwenye mwanya kati ya viti. Sindano ya kudarizi iliyochomekwa kwenye kitambaa cha kiti "kwa muda tu" kisha ikasahaulika, inamngoja mkono wa mtu huyo. Au mgongo wa mtoto anayekaa hapo safari inayofuata.

Kwa hiyo nawaomba. Hesabu sindano unapofungua mfuko, na uhesabu tena unapofunga. Kuwe na mahali pamoja tu pa kuwekea sindano isiyotumika, kipande cha sponji, sumaku ndogo iliyobanwa kwenye kitambaa, kikopo chenye kizibo, chochote, ila pasiwe kiti, pasiwe kile kitambaa cha pale unapoegemeza kichwa, pasiwe blanketi la ndege. Blanketi hasa. Linakunjwa na kwenda kufuliwa, na hakuna anayejua kilichomo.

Ikipotea, mwambie mhudumu. Usione aibu na usikae kimya. Na kama imeingia kwenye mitambo ya kiti, usikirudishe nyuma wala kukiinua mpaka tukusaidie.

Wakati wa kuruka na kutua funga kazi, weka vizuizi kwenye ncha, ingiza mfukoni. Vivyo hivyo rubani akitangaza mtikisiko. Ndege ikishuka ghafla, kila kilichoko mapajani kinaruka, na sindano iliyo wazi iko karibu na uso wako kuliko wa mtu mwingine yeyote.

---

PatoLaHariri

Hili la blanketi sikuwahi kulifikiria. Ahsante sana kaka.

---

NyuziZaRangi

@AlikuwaAngani, maneno yako yanastahili kuwa juu kabisa ya uzi huu. Nitayaunganisha kwenye chapisho la kwanza.

---

VirakaVyaUpendo

Sisi wa kuunganisha viraka tumesahaulika. Naleta kazi ambayo kwangu ndiyo kamili kwa kiti cha ndege: pembesita za karatasi. Unakata karatasi ngumu zenye pande sita, za inchi 1 kila upande, unakata vitambaa vikubwa kidogo kuliko karatasi, unakunja ukingo juu ya karatasi na kuushikiza kwa uzi. Kisha pembesita unaziunganisha ukingo kwa ukingo kwa mishono midogo. Yote inakaa kwenye kikopo kidogo. Kukata vitambaa kwa kisu cha gurudumu kunabaki nyumbani, ndani ya ndege unahitaji sindano moja, uzi, kastabini, na kikatio cha kucha kama alivyosema KulabuNambaNne.

Pini usibebe. Tumia vibanio vidogo vya plastiki, au gundi ya kijiti kushikiza kitambaa kwenye karatasi. Kila pini ni sindano nyingine ya kuhesabu.

---

MsafiriWaMashariki

Naulizia kitu tofauti kidogo. Ninakwenda Australia kisha New Zealand. Ninabeba sufu na sindano za mbao. Kuna tatizo?

---

NyuziZaRangi

Huko tatizo halitoki kwa ukaguzi wa usalama, linatoka kwa watu wa kulinda mimea na wanyama. Nchi zote mbili ni kali mno kwa vitu vya mbao na vinavyotokana na wanyama, kwa hofu ya wadudu na magonjwa. Andika kwenye fomu ya kuingilia kwamba unavyo. Sufu iliyosafishwa na kusokotwa, na sindano za mbao safi zisizo na gome wala matundu ya wadudu, kwa kawaida huangaliwa na kurudishiwa mwenyewe. Sufu ghafi, ile yenye mafuta na uchafu wa kondoo, usiipeleke. Faini huja kwa kutokuandika, na aliyeandika haadhibiwi kwa kuwa nacho, hata kama kitachukuliwa. Basi ukiwa na shaka yoyote, andika.

---

TaaYaShingo

Kuna aliyegusia mwanga. Mimi hutumia taa ndogo ya kuvaa shingoni, mwanga unaangukia kazi peke yake na jirani analala. Chagua yenye mwanga wa manjano unaopunguzika. Taa hizi zina betri ya lithiamu, kwa hiyo iingie nawe ndani. Betri za akiba na pawabenki hazikubaliwi kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba idhini ni saa-wati 100. Pawabenki ya mAh 20,000 yenye volti 3.7 ni saa-wati 74, inaingia. Lakini chaji taa nyumbani, kwa sababu mashirika kadhaa siku hizi hayaruhusu kutumia pawabenki ndege ikiwa angani.

---

SoksiJoziMbili

Niongeze la afya, kwa sababu kazi ya mkono inameza muda na mtu hasimami. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa matokeo mwaka 2007 kwamba kukaa bila kujongea kwa saa 4 au zaidi safarini kunaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo, takribani mmoja kati ya watu 6,000 kwa safari za muda huo. Waliotoka kujifungua, wenye mimba, waliofanyiwa upasuaji karibuni, wao wamwone daktari kabla. Mimi nimeifanya kazi iwe saa yangu. Kila nikimaliza mzunguko wa mchoro wa mistari kumi na miwili nafunga mfuko, nasimama, natembea hadi nyuma ya ndege na kurudi. Na vidole navyo vinapata kupumua.

---

KulabuNambaNne

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mkaguzi akishika mfuko na kuuliza "hiki ni nini?", mnajibu nini?

---

AlikuwaAngani

Jibu la kweli na fupi: "Ninafuma soksi." Kisha onyesha soksi. Kazi iliyoanza inajieleza yenyewe kuliko sindano tupu kwenye kifuko, ndiyo maana aliyewashauri kuanza mistari nyumbani alisema jambo zuri. Tumia mfuko mwangavu, uweke juu kabisa ya begi, usilazimike kupekuliwa nguo zote. Chapa ukurasa wa orodha ya nchi unayotokea, uwe nao, ila utoe ukiulizwa tu. Ukiukunjua kabla hajauliza unaonekana umekuja kubishana.

Akisema hapana, omba kwa upole kuzungumza na msimamizi, mara moja tu. Msimamizi akisema hapana, uliza kama bado kuna muda wa kurudi kupakia kwenye begi la chini, au kama kuna mtu aliyekusindikiza bado yuko nje.

---

MamaPacha

Nimeshaanza miraba miwili, sindano za mianzi, uzi wa akiba nimeupitisha kama dada alivyoelekeza. Mchoro uko kwenye simu. Itafaa?

---

NyuziZaRangi

Hongera sana. Hakikisha mchoro umeupakua kwenye simu yenyewe, usitegemee intaneti ya ndege. Na uandike pia kwenye kikaratasi kidogo, ukiingize kwenye mfuko wa kazi. Simu ikizima, kikaratasi kipo.